Gitaa ni moja tu, na Knoxville si kosa

Wiki hii nimeambiwa tena kwamba "1952 Vincent Black Lightning", wimbo wa Mwingereza Richard Thompson kuhusu jambazi James, mpenzi wake Molly na pikipiki aina ya Vincent, umepigwa na magitaa mawili, na kwamba Del McCoury, mwimbaji wa Marekani, aliuharibu wimbo alipoing'oa Box Hill, kilima cha Uingereza, akaweka Knoxville, mji wa Tennessee. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika.

Kwenye albamu ya Rumor and Sigh ya mwaka 1991 kuna mtu mmoja na gitaa moja kavu, lisilo la umeme, basi. Uzi wa sita umeshushwa kutoka E hadi C, wa tano kutoka A hadi G, nne zilizobaki hazikuguswa, kapo, kile kibano cha nyuzi, iko freti ya tatu. Hayo wengi wanayajua. Wasichojiuliza ni kwa nini. Ukipiga kwa maumbo ya vidole ya kodi za G, besi tatu unazozihitaji kuliko zote zinalia zikiwa wazi: G uzi wa tano, C wa sita, D wa nne. Mkono wa kushoto haushikilii besi yoyote, kwa hiyo uko huru kuzunguka kwenye nyuzi nyembamba. Kwenye tyuni ya kawaida, yaani nyuzi zisiposhushwa, G ya chini inakula kidole kizima, na ile C nzito haipo kabisa. Mkono wa kulia nao umegawana kazi: piki, kijibamba cha kuchapia nyuzi, iliyobanwa kati ya gumba na shahada, inachapa besi, huku vidole vya kati na pete vikichomoa sauti za juu. Hapo ndipo "gitaa la pili" linapopatikana.

Mwanafunzi wangu mmoja alibisha. Nikashusha nyuzi za gitaa lake, uzi wa sita ukalegea mpaka ukawa unagonga freti. Nikamwambia achape besi peke yake, polepole, mpaka asiutazame tena mkono. Kisha noti moja tu ya juu, kati ya besi na besi. Alipoisikia akanyamaza, akarudia, akarudia tena.

McCoury aliurekodi mwaka 2001 kwa bluugrasi, muziki wa ala za nyuzi wa kusini mwa Marekani, wanawe wakiwa kwenye mandolini na banjo. Kazi ya mikono miwili ya Thompson ikagawiwa kundi zima: besi kubwa chini, banjo ikijaza katikati, mandolini ikikata mapigo. Hiyo ndiyo tofauti ya kujadili. Jina la mji? Baladi, nyimbo za kusimulia visa, zimevuka bahari karne nyingi zikibadilishiwa majina ya mito na miji ili mwimbaji aimbie watu wake. Na anayesema Vincent haiwezi kuonekana Tennessee akumbuke kwamba Black Lightning ilikuwa pikipiki ya mashindano, iliyoundwa Stevenage, Uingereza, na zilitengenezwa takriban 30 tu. Jambazi kuiendesha Box Hill ni hadithi vilevile. Wimbo huu tangu mwanzo unasimulia kitu adimu kilichoangukia mikono isiyotarajiwa.

Kinachonisumbua mimi ni kitanda cha mauti. James amepigwa risasi, Molly ameitwa, na anayekufa anampa funguo za pikipiki. Thompson ndiye mwimbaji, ndiye mpigaji. Akitaka kuchelewesha neno nusu pigo, gitaa linamsubiri bila kuambiwa. Kundi haliwezi hivyo. Watu watano lazima wafike pamoja, kwa hiyo James anakufa kwa mwendo uleule aliotongozea.

Kwa miaka nimefundisha kwamba hapo McCoury anapoteza. Sina uhakika tena. Waimbaji wa zamani wa baladi hawakulia katikati ya wimbo. Walisimulia kifo kwa sauti ileile waliyosimulia harusi, na msikilizaji akaachiwa huzuni yake mwenyewe. Ile sauti ya juu, kavu, ya McCoury, isiyolegea wakati kila kitu kinalegea, inanishika koo kuliko nilivyokuwa tayari kukiri. Huenda mwendo usiopungua ndio ukatili wenyewe wa kisa: pikipiki bado inawaka, mwenyewe hayupo.

Siku hizi nikiupiga peke yangu, kwa tyuni ya Thompson, nikifika kwenye zile funguo sipunguzi mwendo.