Geji haipimi joto: otoklevu na vyama vya wahandisi wa hospitali

Chama cha wahandisi wa hospitali cha Uingereza, ambacho leo kinajulikana kwa kifupi kama IHEEM, kilianza 1943, miaka 5 kabla ya NHS, huduma ya afya ya taifa ya nchi hiyo. Mhandisi wa hospitali wa enzi hiyo alikuwa kwanza mtu wa boila. Mvuke ndio uliopasha wodi moto, ukapika, ukafua mashuka na kutakasa vifaa vya upasuaji. Kwa nini basi watu hawa wasitosheke na vyama vya wahandisi wa mitambo vilivyokuwapo? Kwangu mimi, ukitaka jibu tazama otoklevu, mashine inayoua vimelea kwenye vifaa kwa mvuke wenye presha. Boila ikizimika kila mtu anajua, wodi inapoa. Otoklevu ikishindwa kazi, vifurushi vinatoka vya moto kama kawaida na vinapelekwa chumba cha upasuaji.

Kosa lenyewe ni la kuamini geji ya presha. Mvuke usio na hewa, geji ikisoma pauni 15 kwa inchi mraba, huwa na joto la sentigredi 121. Ukiacha nusu ya hewa ndani ya chemba, geji itasoma 15 ileile, lakini joto litakuwa kama 112. Usipotoa hewa hata kidogo, utaambulia 100. Tena hewa ni nzito kuliko mvuke, kwa hiyo hutuama chini, karibu na tundu la kutolea maji. Kipimajoto cha kuaminika ni kile kilichowekwa kwenye tundu hilo.

Mwaka 1963 watafiti Bowie na Dick wa Edinburgh walitoa kipimo ambacho hadi leo hufungua siku ya kazi. Taulo hukunjwa na kupangwa kuwa kifurushi kimoja, katikati ikawekwa karatasi yenye msalaba wa tepu inayobadilika rangi kwa mvuke. Kifurushi huingia peke yake, chemba ikiwa tayari imepashwa moto, kwa sentigredi 134 kwa dakika 3 na nusu, basi. Rangi ikiwa sawa kotekote, hewa imetoka. Katikati ikibaki imepauka, pana hewa iliyonaswa, na mashine haipakiwi mzigo wa siku hiyo. Wapo wanaoongeza muda hadi dakika 10 “kwa usalama”, na hapo wanakiharibu kipimo: joto hupenya polepole hata penye hewa, tepu yote ikageuka rangi, na ugonjwa wa mashine ukajificha.

Kipimo kikikataa, anza na gasketi ya mlango, yaani mpira wa kuzibia. Vuta hewa hadi presha ishuke chini ya milibaa 70, funga vali zote, subiri dakika 5 chemba itulie, kisha hesabu dakika 10. Presha isipande zaidi ya milibaa 13 katika dakika hizo. Ikipanda zaidi, pana mahali panapovuja: gasketi, vali, au maungio ya bomba la kipimajoto. Isipopanda, tafuta kwingine: pampu ya kuvuta hewa imechoka, au mvuke wenyewe unakuja na gesi kutoka kwenye maji ya boila ambayo hayakupashwa moto vya kutosha kabla ya kuingizwa.

Kilichowatikisa Waingereza ni yaliyotokea hospitali ya Devonport, Plymouth, 1972. Wagonjwa walifariki baada ya kutundikiwa dripu za dextrose zenye bakteria. Chupa hizo zilitoka kiwandani, na zile za safu za chini ndani ya otoklevu hazikupata joto kwa sababu hewa ilibaki chini. Kinachouma ni kwamba kipimajoto kilionyesha kuwa joto halikufika. Waendeshaji walidhani ni kibovu, wakafuata geji ya presha. Kamati ya uchunguzi ya Clothier ilipinga vikali dhana kwamba kutakasa vimiminika ni kazi rahisi ya kuachiwa watu wa ujuzi mdogo. Ripoti ile, kwa maoni yangu, iliutetea ufundi huu kuliko hotuba yoyote ya mwenyekiti wa chama.

Shirikisho la kimataifa la wahandisi wa hospitali, IFHE, lilikuwa tayari limeundwa Roma mwaka 1970. Kwetu Afrika Mashariki tuna vyama vya wahandisi wa vifaa tiba: AMEK Kenya, UNAMHE Uganda na AMETT Tanzania, na zipo kazi ambazo hakuna chama cha Ulaya kitakachozifanya kwa niaba yao. Chukua mwinuko. Geji husoma presha iliyo juu ya ile ya hewa ya nje. Dar es Salaam na Mombasa, pauni 15 ni 121 kweli. Nairobi, mita kama 1,800 juu ya bahari, hewa ya nje ni baa 0.82 tu, kwa hiyo pauni 15 hizohizo zinatoa 118. Mbeya hali ni karibu hiyohiyo. Digrii 3 zikipungua, uwezo wa kuua vimelea hushuka kwa nusu: dakika 15 zinafanya kazi ya 7 na nusu.

Otoklevu kubwa zinazoongozwa na kipimajoto hazina tatizo hili. Zinazoumia ni zile ndogo za zahanati, za umbo la sufuria, ambazo vali yake hupumua kwenye pauni 15. Dawa si kukaza vali hiyo, ni hatari. Ongeza muda: penye maelekezo ya dakika 15, weka 30, na uanze kuhesabu baada ya mvuke kutoka mfululizo bila hewa. Kama geji na vali vimeruhusiwa na mtengenezaji kufika pauni 18, Nairobi hiyo ndiyo 121.