DPF, lile chujio la masizi kwenye ekzosi ya dizeli, imeziba? Sawa, ila imeziba na nini?

Dada mmoja aliniletea CX-5 ya dizeli, ile ya 2.2, gari safi ya 2014, taa ya DPF inawaka na gari imekuwa nzito kama inavuta trela. Kule alikotoka ameshaambiwa "kata hiyo kitu tupa", akapewa na bei kabisa. Mimi kabla hata sijachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari nikafungua boneti nikachomoa stiki ya oili. Oili imepita alama ya juu kwa karibu upana wa kidole. Nikaifuta kwenye karatasi, nikanusa, dizeli hiyo inanuka kama umeichota sheli. Nikamuuliza, "Dada, nani amekuongezea oili humu?" Akajibu, hakuna, tena mwenyewe alikuwa anafurahi kwamba gari yake haili oili kabisa, kila akicheki iko juu.

Oili inaongezeka yenyewe na mwenye gari anafurahi. Nitarudi kwake, ila kwanza tuelewane hii DPF ni mdudu gani, maana nikisoma magrupu ya wenye magari naona kila mtu anaitukana na wachache wanajua inafanya nini.

Dizeli ikiungua inaacha masizi, yale meusi unayoyaona nyuma ya lori linalopanda Kitonga. DPF ni kopo la chuma kwenye njia ya ekzosi, ndani yake kuna masega ya udongo wa kauri wenye vitundu vingi virefu vyembamba kama mirija. Ila sio masega kama yale ya gari ya petroli ambayo ukichungulia upande huu unaona mwanga upande wa pili. Haya kila kitundu kimezibwa upande mmoja, hiki kimezibwa mbele, jirani yake kimezibwa nyuma, kwa mpangilio kama bao la drafti. Kwa hiyo moshi ukiingia unakuta mwisho wa njia umefungwa, haina namna, unapenya kwenye ukuta kwenda kitundu cha jirani ndio utoke. Ukuta una vinyweleo, moshi unapita, masizi yanabaki.

Hapa kuna kitu hata mafundi wengi hawakijui. Vinyweleo vya ukuta ule ni vikubwa kuliko chembe nyingi za masizi, vikubwa mara nyingi tu. Sasa inakuwaje zinanasa? Chembe ndogo namna ile haziendi moja kwa moja, zinayumbayumba ndani ya hewa mpaka zinagonga ukuta na kuganda, halafu baada ya muda masizi yenyewe yanatengeneza utando juu ya ukuta na ule utando ndio unakuwa chujio zuri zaidi. Ndio maana DPF nzima inakamata zaidi ya asilimia 95 ya chembe, na ndio maana DPF "safi kabisa" iliyotoka kuoshwa mwanzoni inachuja vibaya kidogo kuliko iliyotumika siku mbili tatu.

Sasa hayo masizi yaliyonasa yanaenda wapi? Yanachomwa mle mle ndani. Fikiria jiko la mkaa. Mkaa unaungua unaisha, majivu yanabaki, na usipoyakung'uta majivu jiko linakosa hewa, ugali hauivi. DPF ni hivyo hivyo, masizi ndio mkaa na yanaungua, majivu hayaungui hata ufanyeje. Mtu akija kuniambia DPF imeziba swali langu la kwanza ni hilo, imeziba na masizi au na majivu, maana dawa zake hazifanani hata kidogo na watu wanapoteza hela nyingi hapa.

Masizi yanachomwa kwa namna mbili. Ya kwanza inatokea yenyewe ukiwa safari ndefu, ekzosi ikipata joto la nyuzi 250 hadi 400 hivi, kuna masega mengine mbele ya DPF yamepakwa platinamu yanageuza gesi ya moshi kuwa naitrojeni dayoksaidi, na hiyo gesi inakula masizi taratibu bila wewe kujua chochote. Watu wa Dodoma na Dar kila wiki hawana shida na DPF, sababu ni hiyo.

Ya pili ni pale kompyuta ya gari inapoona masizi yamefika kiwango, inaamua kuyachoma kwa nguvu. Inafanyaje? Inapiga dizeli ya ziada kwenye silinda kwa kuchelewa, wakati mlipuko umeshapita, hiyo dizeli haisukumi gari, inatoka kama mvuke hadi kwenye yale masega ya mbele inaungulia pale na joto linapanda mpaka nyuzi 600 hivi. Kwa joto hilo masizi yanawaka yenyewe. Zoezi zima dakika 10 hadi 20, mradi gari inatembea.

Mradi gari inatembea! Hapo ndipo Dar inapotushinda. Mtu anatoka Sinza anaenda kazini Mikocheni, kilomita chache, dakika 40 za foleni, gari inaanza kuchoma masizi akiwa Bamaga, anafika ofisini anazima. Jioni hivyo hivyo. Kesho hivyo hivyo. Kila ikianza anaizima katikati, na ile dizeli ya ziada iliyopigwa sio yote inayoenda kwenye ekzosi, nyingine inaganda kwenye kuta za silinda na kuteremka chini kwenye oili. Ukikatisha mara kumi umechangia dizeli mara kumi na hujachoma masizi hata mara moja. Ndio ile oili ya dada yetu. Mazda wenyewe wanalijua hili, kwenye stiki ya hizi injini zao za dizeli, Skyactiv-D, juu ya F (alama ya kujaa) wameweka alama ya X, oili ikifika pale mwaga weka nyingine usisubiri kilomita. Oili iliyochanganyika na dizeli inakuwa nyepesi kama maji, beringi za injini na za turbo ndio zinalipa, na ikizidi sana injini inaweza kuanza kunyonya oili yake yenyewe na kuiunguza, hapo ukizima swichi haizimiki. Niliwahi kuiona mara moja, sitaki kuiona tena.

Kwa hiyo ujue dalili za gari inayochoma. Rpm (mizunguko ya injini) zinapanda kidogo ukiwa umesimama, ile inayojizima kwenye taa za barabarani inagoma kujizima, ulaji wa mafuta kwenye dashibodi unaruka ghafla, na ukipaki ukazima feni inaendelea kupiga kelele na kuna harufu ya chuma cha moto. Ukiona hivyo usizime kama una nafasi, zunguka nayo. Na tafadhali usipaki kwenye majani makavu, chini pale kuna moto wa kweli.

Majivu sasa. Haya yanatoka zaidi kwenye oili ya injini. Oili ina madawa ndani yake, kalisiamu, zinki, fosforasi, injini kila siku inaunguza oili kidogo sana na yale madini hayana pa kwenda, yanabaki kwenye DPF mpaka ishushwe ioshwe. Kwa matumizi ya kawaida na oili sahihi unaweza kufika kilomita 150,000 hadi 250,000 kabla majivu hayajaleta kero. Ila sisi tunachukua oili ya Fuso, ya daraja la CI-4 ya kwenye dumu, tunamimina kwenye CX-5 kwa sababu zote ni "oili ya dizeli". Ile majivu yake mara nyingi yanapita asilimia 1. Oili ya daraja la DL-1 la Kijapani mwisho asilimia 0.6, ya ACEA C3, daraja la Ulaya, mwisho 0.8. Unaona tofauti? Unajaza jiko majivu karibu mara mbili kwa sababu ya kuokoa elfu thelathini. Angalia nyuma ya kopo, herufi ziko pale, zisome.

Na mafuta nayo, ila hapa huwa nawapinga wanaosema "DPF haziwezi kuishi Afrika kwa sababu ya dizeli mbovu". Nchi za Afrika Mashariki zilishuka kwenye kiwango cha salfa cha 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni) toka Januari 2015, Ulaya wao wako 10. Sio sawa na Ulaya, lakini 50 DPF inaishi vizuri tu ukijaza kituo cha kueleweka. Mafuta ya madumu ya barabarani hayo siwezi kuyatetea.

Turudi gereji. Mashine nikaichomeka, ikatoa code (namba ya hitilafu) P2463. Hii ni masizi yamezidi. Ingekuwa P242F ni majivu, hapo ungechoma mpaka kesho hakuna kitu. Ila sijaiamini code moja kwa moja na wewe fundi mwenzangu usiamini. Kompyuta haina macho ndani ya DPF, inachofanya ni kukadiria kwa safari ulizopiga na kupima presha kabla na baada ya DPF kwa sensa moja ndogo yenye mipira miwili. Swichi on, injini haijawashwa, hiyo sensa lazima isome sifuri kwa sababu hakuna moshi unaopita. Ikisoma kitu kingine, sensa inadanganya. Ukiwasha ukakanyaga mafuta namba ipande, ukiachia irudi. Isipopanda kabisa chungulia ile mipira, nimeshakuta umepasuka, nimeshakuta umeyeyuka, nimeshakuta mtu ameigeuza wa mbele kauweka nyuma. DPF nzima inataka kubadilishwa kumbe ni mpira wa bei ya soda.

Ya dada sensa ilikuwa nzima. Basi swali linalofuata, mbona masizi mengi hivi? Foleni inachangia, ila sikutaka kuilaumu peke yake kabla ya kuangalia. Tukavua kava la chini tukakuta bomba la turbo kwenda intakula lina ufa mrefu kwenye kona, limelowa oili, ukikanyaga mafuta hewa inavujia pale. Hewa pungufu, dizeli ile ile, moshi mweusi. Ila moshi hakuuona kwa sababu DPF ilikuwa inaumeza wote! Hii ndio inayoniuma watu wanapoikata DPF kwa kuona imeharibika, nozeli inavuja, turbo inatema oili, EGR (vali inayorudisha moshi kidogo kwenye injini) imeganda, DPF inakusanya madhambi yote kimya kimya halafu siku ikishindwa tunamhukumu yeye.

Tulibadilisha lile bomba. Kabla ya kulazimisha kuchoma kwa mashine niliangalia mzigo wa masizi ukoje, maana hii nayo ina hatari. DPF iliyojaa kupita kiasi ukiiwasha moto wote unawaka kwa pamoja, joto linaweza kupita nyuzi 1,000, na mbaya zaidi ni pale ukiachia mafuta ghafla katikati ya kuchoma, hewa ya kupooza inapungua ila oksijeni bado ipo, masega yanapasuka au yanayeyuka kabisa. Ikiwa imejaa namna hiyo naishusha, inasafishwa nje ya gari kwa maji na hewa kutoka upande wa kutokea kwenda wa kuingilia. Sio kwa petroli na waya kama nilivyoona sehemu fulani, yule alikuwa anaichokoa kama anatoa samaki mwiba.

Yake ilikuwa bado inachomeka. Tukaenda barabara ya Morogoro mpaka Mlandizi, mimi nyuma ya usukani, gia nimeishikilia ya chini ili rpm zikae juu ya 2,000 maana kwa hamsini za vijijini na trafiki wenye tochi kila kona ukiacha otomatiki ichague yenyewe injini inapoa. Tuliporudi namba ya masizi imeshuka vizuri. Oili nikamwaga baada ya kuchoma, sio kabla, kabla ungeichafua tena mpya.

Wanaouliza kuhusu kutoa masega na "kufuta" kwenye kompyuta: inawezekana, wanafanya, na ukiyatoa bila kugusa programu utakutana na P2002. Mimi sifanyi. Shirika la WHO kupitia kitengo chake cha saratani, 2012, liliweka moshi wa dizeli kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani. Land Cruiser Mkonga wa zamani wenye injini ya 1HZ hakuzaliwa na DPF, hatuna la kumlaumu. Wewe umeletewa nayo.

Na kama unanunua ya Japani, chukua kitambaa cheupe ufute ndani ya bomba la ekzosi. Dizeli yenye DPF nzima bomba lake ni la kijivu, kitambaa kinatoka karibu safi. Kikitoka cheusi tii, kuna mtu ameshapita humo au masega yamepasuka. Na ile gari uliyoambiwa imetembea kidogo, huenda imetembea safari fupi fupi za mjini, ambako ndiko kubaya.

Dada alinipigia juzi saa mbili usiku, nikajua taa imerudi. Kumbe alikuwa anafika kwake Sinza akaona rpm zimepanda na gari imegoma kujizima kwenye taa, akapitiliza geti, akashika Bagamoyo Road mpaka Tegeta na kurudi, na alikuwa anauliza kama zimetosha hizo au aende tena.