Dawa Nyeupe ya Mshipani: Mafuta Yakijitenga, Usitikise

Malalamiko kuhusu dawa za sindano zenye rangi ya maziwa yameongezeka, nayo yanapingana. Wapo wanaozirudisha kwa sababu tu ni nyeupe, wakidhani zimeharibika. Wapo waliokuta mafuta ya manjano yameelea kichupani, wakatikisa, wakaendelea kuchoma. Hawa wa pili ndio wanaotutia hofu.

Weupe si kasoro. Propofoli, dawa ya usingizi, huyeyuka kwa shida mno katika maji. Kwa hiyo huyeyushwa kwenye mafuta ya soya, kisha mafuta hayo hupasuliwa kwa mashine ya shinikizo kubwa hadi yawe vitone visivyoonekana kwa macho. Katika propofoli ya asilimia 1, kila mililita hubeba miligramu 10 za dawa, miligramu 100 za mafuta, miligramu 12 za lesithini ya yai, na gliseroli ya kuufanya mchanganyiko uendane na damu. Lesithini huzunguka kila kitone na kukipa chaji hasi, hivyo vitone vikikaribiana husukumana. Visiposukumana, hakuna dawa.

Ndiyo maana kuchanganya dawa nyingine, "kidogo tu", kwenye dripu ya mafuta bila idhini ya mfamasia ni kosa, na tumeshalisema mara nyingi mno. Kalsiamu na magnesiamu hudhoofisha chaji hiyo. Asidi nayo vilevile. Vitone hushikamana, halafu huungana. Farmakopia ya Marekani, yaani kitabu cha viwango vya dawa, inataka wastani wa ukubwa wa vitone usizidi nanomita 500, na mafuta yaliyo katika vitone vinavyozidi mikromita 5 yasipite asilimia 0.05. Kapilari za mapafu, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, zina upana wa mikromita chache tu. Kitone kikubwa kinaweza kuziba njia.

Tabaka jeupe lililokolea juu, na chini lililofifia, ni vitone vilivyopanda vikiwa bado vizima. Katika baadhi ya michanganyiko ya lishe ya mshipani, kugeuza mfuko taratibu huvisambaza tena. Mafuta ya manjano ni jambo jingine: vitone vimekwisha kuungana, na havirudi. Propofoli iliyotengana kwa namna yoyote haitumiki. Iliyowahi kuganda kwenye friza pia haitumiki.

Kichupa kimoja kililetwa kwetu kikiwa na maelezo ya pete ya manjano, nyembamba kama uzi, chini ya kizibo. Kilipofika kilikuwa cheupe kote, kwa kuwa mletaji alikitikisa njiani ili "kikae sawa". Darubini ndiyo iliyotuonyesha vitone vikubwa.

Kwa hiyo ukikuta utengano, simamisha dawa, mjulishe daktari, na usitupe kichupa. Kiache wima. Andika namba ya toleo, tarehe ya kwisha muda, saa kilipofunguliwa, joto la mahali kilipohifadhiwa, na kila dawa iliyopita kwenye mrija huo. Ambatisha vichupa vya toleo hilohilo ambavyo havijafunguliwa. Bila hivyo hatuwezi kutenganisha kosa la kiwanda na kosa la stoo, na matokeo yake ni tofauti kabisa: la kiwanda linaweza kufanya toleo zima liondolewe sokoni na uzalishaji usimamishwe hadi uchunguzi ukamilike; la stoo humrudia aliyehifadhi.

Kichupa cha propofoli kilichounganishwa na mrija hutumika ndani ya saa 12, kwa mgonjwa mmoja. Bakteria hustawi humo. Kinachobaki humwagwa.