Alimtaja usiku uleule, polisi wakaandika wiki ya pili

Kesi nyingi za mauaji ninazotetea hapa Mwanza huwa zimeshaharibika usiku uleule wa tukio, muda mrefu kabla jalada halijanifikia. Ndugu wa marehemu wakituona tukitoka mahakamani na mshtakiwa aliyeachiwa, wanajua moja tu: jaji kahongwa. Ngoja niwaeleze kinachotokea.

Chukua tukio la mwaloni, pale ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga. Mtu kakatwa panga saa nne usiku, yowe limepigwa, watu wamejaa. Shahidi anamwambia mwenyekiti wa kitongoji, "Ni fulani, nimemwona kwa macho yangu." Polisi wanafika, wanapakia mwili, wanaondoka. Maelezo ya shahidi yanaandikwa wiki ya pili, ya mwenyekiti hayaandikwi kabisa. Sasa, katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, Mahakama ya Rufani ilishasema kwamba kumtaja mtuhumiwa mapema kunampa shahidi uzito, na kuchelewa bila sababu kunatia shaka. Shahidi wenu hakuchelewa hata dakika. Ila hakuna karatasi inayoonyesha hivyo, na mimi silipwi kuitafuta.

Halafu kuna mwanga. Tangu shauri la Waziri Amani, mwaka 1980, shahidi aliyemtambua mtu usiku anapimwa kwa umbali, muda aliomtazama, mwanga uliokuwepo na kama alimfahamu kabla. Kwenye jalada nakuta sentensi moja: "kulikuwa na mwanga wa kutosha." Mwanga wa nini? Karabai? Taa ya sola? Tochi ya simu? Miaka inapita, shahidi anapanda kizimbani anasema mwezi ulikuwa unawaka. Namuuliza jambo ambalo hata mtoto wa mwaloni analijua: mitumbwi ya dagaa ilitoka usiku huo? Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikikolea wavuvi wanabaki nchi kavu wakishona nyavu. Akijibu ilitoka, ameshaniachia mlango wazi. Mpelelezi angehesabu hatua usiku ule na kuandika taa ilikuwa imetundikwa wapi, nisingekuwa na la kuuliza.

Panga nalo limeshikwa na kila mtu, sungusungu wakiwemo, na hakuna hati inayoonyesha nani alimkabidhi nani. Hilo halinichukui muda kulipinga mahakamani.

Baada ya hapo wapelelezi wengi hukimbilia maelezo ya kukiri, wakitegemea yafunike mapengo yote. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa saa nne za kumhoji mtuhumiwa tangu anapowekwa chini ya ulinzi, na muda ukitaka kuongezwa kuna utaratibu wake. Muda wa kumsafirisha hadi kituoni hauhesabiwi, kwa hiyo mtu akikamatwa kisiwani Ukara akavushwa kwa boti, maelezo yake hayana shida yoyote kisheria, mradi iandikwe saa aliyokamatwa, saa boti ilipoondoka na saa ilipofika. Ninachokuta kwenye karatasi ni saa mahojiano yalipoanza tu, na hapo ndipo ninaposimama kupinga maelezo hayo yasipokelewe.