Otofajia haiui seli

Hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, wauza dawa lishe siku hizi wana neno moja: otofajia. "Funga kula saa kumi na sita, otofajia iue seli mbovu za moyo." Neno zuri, limebebeshwa kazi isiyo yake.

Otofajia ni seli kufungia vipande vyake vilivyochakaa ndani ya kifuko chenye utando wa tabaka mbili. Kifuko huungana na lisosomu, kijifuko kingine cha seli chenye vimeng'enya, yaani protini za kusaga; hivyo husaga kilichomo, na malighafi hutumika upya. Basi.

Jina lilitolewa na Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1963, kutoka Kigiriki: autos, mwenyewe, phagein, kula. Kwa Kiswahili ni kujila, na hapo ndipo wengi wanapoteleza, maana anayejila tunadhani atajimaliza. Kinacholiwa ni mitokondria (vinu vya nishati vya seli) iliyoharibika au protini zilizogandamana. Seli yenyewe inabaki hai. Seli kujiua kwa mpango ni jambo jingine kabisa, nalo lina jina lake: apoptosisi.

Tena si kila protini mbovu inayopelekwa huko. Nyingi hubandikwa mnyororo wa yubikuitini, kiprotini cha asidi amino 76, kisha husagwa na proteasomu, mashine ndogo ya seli ya kukata protini. Hiyo ni kama pipa lenye mdomo mwembamba: protini lazima ikunjuliwe ndipo iingie. Zilizogandamana hazipiti, zinaziba. Hizo ndizo za otofajia.

Kwa moyo tofauti hii ni nzito. Mtu wa miaka 25 hubadilisha takriban 1% tu ya seli za misuli ya moyo kwa mwaka, na kadiri anavyozeeka kiwango hushuka. Kuziua ni hasara isiyolipika. Fundi wa mitumbwi pale Kibirizi hung'oa ubao uliooza, hachomi mtumbwi. Na moyo hutengenezwa ukiwa majini, hauvutwi ufukweni. Panya waliozimiwa moyoni jeni ya Atg5, ambayo otofajia huihitaji, wakiwa wakubwa, mioyo yao ilitanuka na kudhoofu.

Njaa huongeza kasi ya otofajia, ni kweli, lakini moyoni kazi hiyo haisimami hata ukiwa umeshiba ugali kwa migebuka. Kwa hiyo tuseme tu kwamba otofajia husafisha seli kwa ndani. Na anayechoma insulini asiambiwe aache kula kwa ajili ya neno hili kabla hajaongea na daktari wake: sukari ikishuka mno, anaweza kupoteza fahamu.