Homa imeshuka, lakini moyo bado una kazi

"Homa iliisha juzi, na leo nimekimbia vizuri tu." Mwanamichezo akituambia hivyo kliniki, swali letu huwa moja: kesho yake uliamkaje? Mwili uliotoka kuugua hudai deni lake kwa kuchelewa. Unaweza kumaliza mazoezi ukiwa mzima, kisha siku moja au mbili baadaye miguu ikawa mizito na ngazi za kila siku zikakutoa jasho.

Ukilala siku chache, majimaji ya damu hupungua. Kila pigo la moyo husukuma damu kidogo, hivyo moyo huenda mbio zaidi kwa kazi ileile, na pumzi hukata mapema. Hilo hurudi lenyewe upesi. Linalotutia hofu ni jingine: baadhi ya virusi, vikiwemo vya mafua makali na vya UVIKO-19, huweza kuvimbisha misuli ya moyo. Ni nadra, lakini mazoezi makali katika hali hiyo yanaweza kuvuruga mapigo ghafla hadi kuua. Ukisikia maumivu ya kifua, moyo kupapatika, kuzimia au kuhema kusiko kwa kawaida, acha mazoezi uende hospitali siku hiyohiyo. Uvimbe ukithibitika, mapumziko huwa ya miezi 3 hadi 6, hata kama unajisikia vizuri.

Saa za kisasa hupima mapigo, ila vidole viwili vinatosha. Asubuhi, kabla hujashuka kitandani, viweke upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu kwa sekunde 60. Andika kila siku. Kama kawaida yako ni 52 na leo umepata 62, viatu vibaki mlangoni.

Usianze mpaka homa imekaa mbali siku nzima bila dawa ya kuishusha, maana parasetamoli huficha mengi. Kazi ndogondogo za nyumbani nazo ziwe hazikuchoshi. Anza na dakika 15 za kutembea haraka au mchakamchaka mwepesi, kwa mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kuhema. Rudia siku mbili au tatu. Ongeza muda kwanza, kasi baadaye, mashindano mwishoni kabisa. Mafua yaliyoishia puani hayahitaji tahadhari yote hii. Yaliyoshuka kifuani au kuleta homa na maumivu ya mwili mzima yanaihitaji.

Bado wapo makocha wanaosema "toa jasho, homa itoke". Jasho halitoi virusi.

Waliougua homa ya tezi, ile ya virusi vya Epstein-Barr, wana sharti la ziada. Wengu huvimba na unaweza kupasuka ukigongwa, kwa hiyo raga, ngumi na hata mpira wa miguu visubiri angalau wiki 3 hadi 4 tangu dalili zianze, na daktari ndiye atoe ruhusa.