Kumpokea mhadhiri aliyekimbia vita: anzeni na barua

Barua pepe yenyewe huwa fupi. Mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu ameondoka Khartoum vita vilipolipuka Aprili 2023, sasa yuko Cairo au Kampala, anauliza kama idara yenu hapa Tanzania ina nafasi ya utafiti. Jibu analopewa mara nyingi ni la upole lisilomfikisha popote: "Karibu sana, ukipata ufadhili tujulishe."

Fedha hazitembei hivyo. Scholar Rescue Fund ya Marekani, mfuko wa kufadhili wasomi walio hatarini ulioanza 2002, hutegemea chuo mwenyeji kichangie pia, iwe taslimu au kwa nyumba, ofisi na maabara. Mfadhili anamsubiri mwenyeji, mwenyeji anamsubiri mfadhili, na katikati pasipoti ya mtu inaisha muda.

Kwa hiyo andikeni barua ya mwaliko kwanza. Iwe na nembo ya chuo na isainiwe na mwenye mamlaka ya kutia saini kwa niaba ya chuo. Saini ya mkuu wa idara peke yake haitoshi. Itaje cheo (mtafiti mgeni), tarehe ya kuanza na ya kumaliza, mada, na mwenzake wa kitaaluma kwa jina. Mchango wa chuo uandikwe kwa shilingi. "Atasaidiwa makazi" ni maneno matupu. Andikeni nyumba ya vyumba viwili, miezi 12, na kodi yake kwa mwezi. Wekeni pia kikomo cha kufundisha, tuseme kozi moja kwa muhula. Idara yenye upungufu wa walimu humtwisha mgeni kozi nne, na mwaka unakwisha bila andiko hata moja la kuombea ufadhili wa pili.

Mada nayo iwe na mwenyeji wa kweli. Mtaalamu wa magugu kutoka Sudan anakijua kiduha kinachonyonya mtama. Dodoma mtama ni chakula, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Hombolo kinautafiti. Hapo ushirikiano una shamba. Kumtafutia mtu dawati kwa huruma tu huchosha pande zote mbili.

Vibali vina mfuatano wake. Asiye raia huombewa kibali cha utafiti COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), akiwa na mtafiti mshirika wa hapa nchini. Utafiti wa afya ya binadamu unahitaji pia idhini ya maadili kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kibali cha COSTECH ndicho kinachoambatishwa kwenye maombi ya kibali cha ukaazi daraja C kule Uhamiaji. Mkianza na Uhamiaji mtarudishwa. Aliyesajiliwa kama mkimbizi, mathalani anayeishi kambi ya Nyarugusu, yuko chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998 na hatoki kambini bila ruhusa. Huyo huanzia Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Njia hizi mbili huchanganywa sana.

Vyeti? Vingi vimebaki kwenye kabati la ofisi iliyoungua. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), inayotambua tuzo za nje, itavidai, basi anzeni mapema kukusanya mbadala: nakala ya tasnifu, makala zilizochapishwa, mikataba ya kazi, barua ya mtahini wa nje aliyemtahini.

Asiyeweza kusafiri hupewa uenyeji wa mbali, na gharama yake ni ndogo mno kuliko inavyodhaniwa: anwani ya barua pepe ya chuo na nywila ya maktaba. Chuo kilichojisajili Research4Life, mpango wa kuvipa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, kinampa maelfu ya majarida aliyoyapoteza siku seva za chuo chake zilipozimwa. Kubalianeni mapema kwa maandishi data ni ya nani, na makala itaje vyuo vyote viwili, cha kwao na chenu.

Kabla ya kuweka picha yake kwenye tovuti ya ndaki, muulizeni. Huenda mama yake bado yuko kule alikotoka.